Seminari za Marekani na hela ya ada: nani anapata, nani anaambiwa pole

Mwezi huu maswali yamejaa kweli, na mengi yametoka kwa watu walioko seminari Marekani au wanaojiandaa kwenda huko, wachungaji watarajiwa, sista mmoja, ustadhi mmoja, na ukiyasoma yote unakuta watu wanauliza kitu kilekile kwa maneno tofauti: mimi nasomea mambo ya Mungu, je serikali ya kule itanishika mkono kwenye ada? Marefu nimeyakata, majina nimeyaacha nje.

Nitangulize jambo moja alafu twende. Ofisi ya msaada wa fedha haipimi wito wako. Inaangalia makaratasi, ya kwako na ya shule, basi. Ndo maana utakuta watu wawili wamekaa dawati moja wanasoma kozi moja, mmoja kapata na mwenzake hajapata hata senti, na hakuna aliyeonewa.

SWALI: Bwana asifiwe. Nimepokelewa kusoma M.Div (uzamili wa kuandaa wachungaji) kwenye seminari moja Marekani, bado sijasafiri, nitaenda na viza ya F-1, ile ya wanafunzi. Barua ya shule inasema niwahi kujaza FAFSA ili nifikiriwe msaada. Nimeifungua naona inataka namba ya Social Security ambayo sina. Nifanyeje? — Mchungaji mtarajiwa

JIBU: Amina mchungaji, na hongera. Hiyo barua wanatumiwa wote waliopokelewa, haikuandikwa kwa ajili yako, kwa hiyo FAFSA achana nayo. FAFSA ni fomu ya hela ya serikali kuu ya Marekani na mtu wa F-1 hamo kwenye hesabu yake kabisa, si ruzuku, si mkopo, si zile kazi za chuo zinazolipwa na serikali. Usihangaike kutafuta namba ya kuazima, kuna watu wamejiharibia hivyohivyo.

Kilichobaki kwako ni mifuko mitatu: hela ya shule yenyewe, hela ya kanisa lako au dayosisi inayokutuma, na hela ya wafadhili binafsi. Ya shule ndo uanze nayo, na usiulize "mna skolashipu?" maana watakujibu ndiyo na mtaishia hapo. Uliza inafunika nini. Shule nyingi zikisema ufadhili kamili zinamaanisha karo tu, alafu pembeni kuna bima ya afya, kodi ya nyumba, vitabu, na vile viada vidogovidogo vya kila muhula ambavyo vikijumlishwa unashangaa. Uliza pia mwaka wa pili na wa tatu inakuwaje, maana M.Div kwa anayesoma muda wote ni kama miaka mitatu na kuna ufadhili unaotolewa mwaka wa kwanza kwa mbwembwe alafu unapungua kimyakimya.

Kabla shule haijakupa I-20, ile fomu unayoombea viza, utatakiwa kuonyesha hela ya mwaka wa kwanza angalau, ada pamoja na kuishi, barua ya ufadhili inahesabika humo na salio unaonyesha kwa taarifa ya benki yako au ya anayekudhamini. Ukienda na mke na watoto kiasi kinapanda, na mke mwenye viza ya F-2 haruhusiwi kufanya kazi, hili watu hulijua wakiwa wameshafika na nyumba imeshapangwa. Wewe mwenyewe unaruhusiwa kazi ndani ya chuo hadi saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea, lakini usije ukaipigia hesabu hiyo kwenye kulipa ada. Kuna dola 350 za SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, nazo ni tofauti na hela ya viza. Na kingine hakisemwi sana: sehemu ya ufadhili inayolipa karo na vitabu vya lazima haina kodi, ila ile ya chakula na malazi ina kodi, na kwa mtu wa F-1 kawaida inakatwa asilimia 14 kama nchi yako haina mkataba wa kodi na Marekani. Kwa hiyo shule ikikuahidi posho ya kuishi, uliza utashika mkononi shilingapi.

SWALI: Mimi na familia tuliingia Marekani kama wakimbizi, uraia bado. Nataka kuanza digrii ya kwanza kwenye chuo cha Biblia. Mdogo wangu naye anataka, ila kesi yake ya kuomba hifadhi haijaamuliwa. Tunastahili?

JIBU: Wewe ndiyo, mdogo wako bado. Mkimbizi aliyepokelewa, aliyeshapewa hifadhi, mwenye green card, hawa wanahesabiwa karibu sawa na raia kwenye hii hela. Aliyeomba hifadhi na anasubiri, hapana. Mwenye TPS tu (ulinzi wa muda kwa watu wa nchi zenye matatizo) hapana, DACA (walioletwa Marekani utotoni bila vibali) hapana. Siku kesi ya mdogo wako ikikubaliwa ajaze hata kama ni katikati ya mwaka wa masomo.

Na kwa kuwa hii ni digrii yako ya kwanza, kuna Pell, ruzuku isiyorudishwa, ambayo kwa mwaka wa 2025-26 juu kabisa ni dola 7,395. Ukishakuwa na digrii moja hiyo mlango umefungwa, hata kama digrii yenyewe ilikuwa ya uhasibu na sasa unaanza theolojia upya. Kama uko chini ya miaka 24, hujaoa na huna mtoto, fomu itataka taarifa za wazazi, na mzazi asiye na namba ya Social Security anaweza kufungua akaunti yake na kujaza sehemu yake, hali yake ya uhamiaji haikuangushi wewe. Fomu ni bure. Mtu akikudai hela ya "kukufanyia FAFSA" mwambie asante alafu ondoka.

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni sista, nina green card, shirika letu limenituma kusoma digrii ya kwanza ya theolojia. Sina mshahara, sina akaunti, nimeweka nadhiri ya ufukara. Nimejaza FAFSA na ile namba ya SAI, wanayopimia uhitaji, imetoka hasi 1,500, nikaambiwa hapo ndo chini kabisa, maana yake nina uhitaji mkubwa. Sasa ofisi ya shule inaniambia mimi kisheria SINA uhitaji. Nimechanganyikiwa, nikose vipi uhitaji na sina hata kiatu cha pili? — Sista

JIBU: Milele amina, Sista. Swali lako ndo limenifanya niandae safu nzima ya mwezi huu, maana hili wengi linawakuta na wanaelezwa kwa kifupi mno dirishani, wanaondoka wakidhani wamebaguliwa kwa sababu ya shela.

Ofisi iko sahihi. Kanuni za msaada wa serikali kuu zina kifungu maalum cha watu wa mashirika ya kitawa, kinasema mwanashirika hahesabiwi kuwa na uhitaji wa kifedha kama shirika lake lina sifa tatu kwa pamoja. Moja, lengo lake kuu ni kukuza imani juu ya Mungu. Mbili, linawataka wanachama waachane na kipato au msaada mwingine zaidi ya kile linachowapa lenyewe. Tatu, ndilo lililokuelekeza kusoma hiyo kozi, au ndilo linalokulisha na kukutunza. Wewe umeandika mwenyewe "shirika letu limenituma" na "nadhiri ya ufukara", tayari umejaza zote tatu kwa mkono wako.

Ukiisoma kwa hasira utasema huu ni uonevu, mtu asiye na kitu anaambiwa ana kitu. Ila jiweke upande wa pili kidogo. FAFSA inapima wewe una nini, na kwa mtawa jibu ni sifuri kila siku hata kama shirika lina hospitali na mashamba na majengo mjini, sifuri yako siyo ya kukosa, ni ya kukabidhi. Serikali inasema kuna mtu mwingine aliyeahidi kukutunza, sasa bili mpelekee huyo. Binafsi naona mantiki ipo, ninachokiona kigumu ni kwa mashirika madogo, masista kumi na wawili wanaishi kwa kushona na kufundisha chekechea na wanahesabiwa sawa na shirika lenye chuo kikuu. Kanuni haitofautishi.

Kinachofungwa ni hiki: Pell, ruzuku nyingine za uhitaji, mkopo ambao serikali inakulipia riba ukiwa shuleni, na kazi za chuo zinazolipwa kwa hela ya serikali. Kinachobaki wazi ni mkopo mmoja tu, ule wa riba tangu siku ya kwanza, kwa sababu wenyewe haujali uhitaji. Na hapo naomba usikimbilie, Sista. Deni litakuwa kwa jina lako na wewe huna mshahara, kwa hiyo anayelipa ni shirika, sasa mkuu wa shirika lazima ajue na akubali kabla hujabonyeza kitu. Hata Kanisa lenyewe halipendi madeni mlangoni, kanuni ya 644 ya Sheria ya Kanisa inawakataza wakuu kumpokea unovisi mtu mwenye deni asiloweza kulilipa. Kama ni hivyo kwa anayeingia, aliyeshaingia naye asijitwishe.

Cha kufanya, muombe mama mkuu aandike barua kwa shule aulize punguzo la watawa. Shule nyingi za Kikatoliki zinalo na halimo kwenye tangazo, mpaka uombe, na hela hiyo ni ya shule yenyewe kwa hiyo kile kifungu cha serikali hakiigusi. Na mtu asikushauri uombe tena kwa kulificha shirika, wapo wanaoshauri hivyo kwa nia njema kabisa. Maelezo ya uongo kwenye FAFSA yana faini hadi dola 20,000, au jela, au vyote viwili.

Frateri mmoja wa jimbo, yaani wa dayosisi, naye aliuliza kama hili linamhusu. Padre wa jimbo haweki nadhiri ya ufukara, kwa hiyo ile sifa ya pili mara nyingi haimgusi na anapimwa kama mwanafunzi mwingine yeyote, ila anayeamua ni ofisi ya shule yako ikiangalia mkataba wako na askofu unasemaje.

SWALI: Nilipata skolashipu ya serikali ya jimbo nikiwa nasoma biashara. Nimehamia kozi ya uchungaji chuo kilekile, wamenikatia. Huu si ubaguzi wa dini? Niende mahakamani?

JIBU: Kuna aliyeshakwenda, na alifika mpaka juu kabisa. Joshua Davey, jimbo la Washington, alipata skolashipu ya jimbo ya dola 1,125 kwa mwaka wa 1999-2000, akachagua uchungaji na usimamizi wa biashara kwa pamoja, akaambiwa achague, uchungaji au hela. Akagoma akashtaki. Mwaka 2004 Mahakama Kuu ya Marekani ikamtolea hukumu, majaji 7 kwa 2, kwamba jimbo halilazimiki kumlipia mtu mafunzo ya kuwa mchungaji. Davey baada ya hapo akasomea sheria Harvard, we fikiria mwenyewe.

Ila usiisome nusu. Mahakama ileile mwaka 1986, kesi ya Witters, mtu mwenye matatizo ya macho aliyetaka kutumia hela ya serikali ya kusaidia wenye ulemavu akasomee uchungaji, jimbo ni Washington hilohilo, ilisema katiba ya Marekani haikatazi kumpa. Akarudi nyumbani na ushindi, mahakama ya jimbo mwaka 1989 ikamnyima kwa katiba ya jimbo. Kwa hiyo ukijumlisha: jimbo linaweza kukupa, na linaweza kukataa, na hukumu ya 2004 haijafutwa mpaka leo japo kesi mpya za 2020 na 2022 kuhusu shule za dini zimeibana bana. Soma masharti ya skolashipu yako, tafuta neno theolojia. Mara nyingi wanachokatazia ni kozi ya kumwandaa mtu kuwa kiongozi wa dini, somo la dini kama taaluma linapita, hivyo kuna wanaobaki kwenye kozi ya masomo ya dini na uchungaji wanaungoja M.Div.

Hela ya serikali kuu, hiyo niliyoieleza juu, haina katazo la namna hii. Theolojia inaruhusiwa.

SWALI: Nina green card na digrii ya kwanza. Nasita kati ya M.Div na MA ya ushauri wa kichungaji. Nimesikia sheria ya mikopo imebadilika na M.Div unakopeshwa zaidi. Kweli?

JIBU: Kweli, na hii imewashtua hata watu wa seminari wenyewe. Zamani mwanafunzi wa uzamili alikuwa anakopa dola 20,500 kwa mwaka na kama haitoshi anaongeza mkopo mwingine unaoitwa Grad PLUS mpaka afikie gharama yote. Sheria iliyosainiwa Julai 2025 imeifuta Grad PLUS kwa wanaoanza kukopa kuanzia Julai 1, 2026, ikagawa watu mafungu mawili. Wa uzamili wa kawaida wanabaki na 20,500 kwa mwaka, jumla 100,000. Wa digrii za kitaaluma (wanaziita professional), pamoja na madaktari na wanasheria, wanaruhusiwa 50,000 kwa mwaka, jumla 200,000. Na kwenye kanuni inayotaja digrii za kitaaluma, theolojia imo, imetajwa kabisa M.Div na M.H.L., uzamili wa Kiyahudi wa maandiko ya Kiebrania. Manesi hawamo, na wamepiga kelele kweli, mchungaji ndani nesi nje.

Kwa hiyo MA yako ni fungu la kwanza, M.Div fungu la pili. Ukisoma nusu muda kiwango kinapunguzwa kwa uwiano, hilo nalo ni jipya na seminari zimejaa watu wanaosoma jioni huku wana kazi, wengi litawauma.

Sasa ukweli wangu: usichague M.Div kwa sababu mkopo wake mkubwa. Daktari akikopa 200,000 ana mshahara wa daktari unamsubiri. Chukua mfano wa 20,500 ya mwaka wa kwanza tu, riba kwa mikopo ya uzamili iliyotoka 2025-26 ni asilimia 7.94, na mkopo huu riba inaanza siku hela inapotoka. Kabla haijakufikia wanakata ada ya kuandaa mkopo ya asilimia 1.057, hapo karibu dola 217 zimeondoka hujazishika. Alafu kila mwaka dola kama 1,628 za riba zinajijenga wakati wewe uko darasani unahangaika na Kigiriki. Mwaka wa pili unakopa tena, wa tatu tena, na ile ya kwanza bado inakula. Usipolipa chochote miaka yote mitatu, riba ya ule mkopo wa kwanza peke yake itakaribia dola 4,900, na hiyo ni kwa kukopa kidogo, siyo 50,000.

Piga simu kanisani kwenu au dhehebu lako kabla ya kusaini. Madhehebu mengi yana ufadhili wa watumishi watarajiwa au mkopo unaosamehewa ukitumikia miaka kadhaa, na hela hizo zinakaa tu kwa sababu waombaji hawajui zipo, au wanajua ila tarehe ya mwisho imepita Machi wao wanaamka Agosti.

SWALI: Kuna seminari ya mtandaoni inanipa udaktari wa theolojia miezi sita, inasema imesajiliwa kisheria na jimbo. Naweza kuombea mkopo?

JIBU: Hapana, na usiingie mkenge. Kuna majimbo, Florida mojawapo, yanayoziruhusu shule za dini kutoa digrii za dini bila kupitia leseni ya kawaida, zinaitwa zimesamehewa. Kusamehewa siyo ithibati. Hela ya serikali inaenda kwenye shule yenye ithibati ya chombo kinachotambuliwa na Wizara ya Elimu ya Marekani, kwa seminari utasikia ATS, ABHE, TRACS, na AARTS kwa shule za marabi. Alafu hata yenye ithibati inaweza kuwa imeamua kutoshiriki kwa sababu haitaki masharti ya serikali, hilo lipo na ni halali. Kipimo cha haraka: fungua FAFSA sehemu ya kutafuta shule, kama jina halina namba ya shule (school code), hamna hela hapo.

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi raia wa Marekani, nataka kusomea uchaplaini wa Kiislamu wa hospitali, kuwahudumia wagonjwa kiroho. Riba siitaki kabisa. Nina njia?

JIBU: Wa alaykum salaam ustadhi. Kwanza ondoa wasiwasi kwamba hii hela ni ya Wakristo, kanuni hazitaji dini. Hartford kule Connecticut, iliyokuwa ikiitwa Hartford Seminary mpaka ilipobadili jina 2021, ni miongoni mwa za mwanzo kabisa Marekani kuwa na kozi ya uchaplaini wa Kiislamu, na M.Div ni M.Div, aisome Mwislamu au Mkristo.

Shida yako ni kwamba ngazi ya uzamili mkopo wa serikali kuu haupo usio na riba. Ungekuwa digrii ya kwanza ningekwambia pokea Pell ukatae mkopo, maana barua ya msaada haikulazimishi kuchukua vyote, unakubali kimoja unakataa kingine mstari kwa mstari, na wengi hawajui hilo wanabonyeza "kubali vyote" kama wanavyobonyeza masharti ya programu kwenye simu. Kwa uzamili basi ni ufadhili wa shule, misaada ya jumuiya ya Waislamu, na kulipa ada kwa awamu, shule nyingi zinakugawia muhula kwa miezi bila riba, unalipa ada ndogo ya kujiandikisha tu. Na kama uliwahi kuwa jeshini usisahau GI Bill, siyo mkopo na inatumika seminari iliyoidhinishwa. Kuhusu hiyo ada ndogo kama nayo ni riba kwa mlango wa nyuma, muulize sheikh wako, mimi siingii huko.

SWALI: Nimefeli Kiebrania na somo jingine nimeliacha katikati. Nimepata barua inasema niko kwenye onyo la SAP. Watanikatia?

JIBU: Bado. SAP ni kipimo cha kama unasonga mbele, wanaangalia wastani wa alama na wanaangalia masomo mangapi umemaliza kati ya uliyojiandikisha. Kuacha somo kunakuumiza kwenye hicho cha pili hata kama halina alama ya F. Kwenye onyo msaada kawaida unaendelea muhula mmoja, usipojirekebisha unakatika, na ukikatika unaweza kukata rufaa kama kulikuwa na ugonjwa, msiba, kitu kizito, uwe na karatasi. Ila usiache muhula mzima kienyeji. Ukiondoka kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, sehemu ya hela ya serikali inarudishwa kwa hesabu ya siku, na shule inaweza kukugeuzia bili.

SWALI: Namaliza M.Div mwaka huu na deni la serikali ninalo. Nitafanya kazi kanisani. Nimeambiwa msamaha wa deni kwa watumishi wa umma hauwahusu wachungaji.

JIBU: Aliyekuambia anaishi kabla ya 2021. Zamani saa za ibada, mafundisho ya dini na uinjilisti hazikuhesabika, mchungaji akawa anaambiwa atenganishe saa alizotembelea wagonjwa na saa alizohubiri. Hicho kifungu kiliondolewa 2021. Sasa unahitaji ajira ya muda wote, wastani wa saa 30 kwa wiki au zaidi, kwa mwajiri wa aina ya 501(c)(3), yaani shirika lisilo la faida lililosamehewa kodi, na makanisa yanahesabiwa humo hata kama hayakuwahi kuomba barua ya kodi. Malipo yanayotakiwa ni 120, kwenye mpango unaokubalika, na mkopo uwe wa serikali kuu, wa benki haumo.

Mambo mawili ya kuangalia. Hakikisha kanisa linakupa W-2, karatasi ya mshahara na kodi wanayopewa waajiriwa, usikubali kulipwa kama fundi aliyeitwa kurekebisha paa, maana hapo wewe siyo mwajiriwa na miezi yako haihesabiki. Na posho ya nyumba ya mchungaji ambayo haikatwi kodi ya mapato haiingii kwenye kipato kinachotumika kupanga rejesho lako, kwa hiyo mwombe mhasibu wa kanisa aiandike rasmi kabla mwaka haujaanza. Fomu ya kuthibitisha mwajiri ipeleke kila mwaka, usisubiri mpaka malipo 120 yatimie. Makanisa madogo yanafungwa, mengine yanaungana, katibu anahama, na miaka minane baadaye unatafuta mtu wa kusaini hayupo.